Hela ya Serikali Ikiingia Nyumbani, Nani Huamua Iende Wapi?

Swali la msomaji wa Tanga:

Shikamoo mwalimu. Dada yangu anaishi Minnesota, Marekani, na mume wake na watoto wawili wadogo. Kipindi cha korona serikali ya kule iliwapa hela mara tatu. Ya kwanza ililipa kodi ya nyumba na deni la kadi ya mkopo. Ya pili ilikaa benki. Ya tatu shemeji alitaka iwe kianzio cha gari, dada akataka ipunguze deni na kiasi kidogo kitumwe kwa mama huku Tanga. Waligombana mpaka simu zikatufikia. Nilisikia lengo la serikali lilikuwa watu wazitumie madukani ili uchumi usilale. Je, aliyelipa deni au kuweka benki ameharibu lengo? Na watu huamuaje hela ya namna hii iende wapi? Siku serikali zetu zikigawa hela namna hiyo, tutegemee nini?

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kuamua ugomvi wa mbali kwa simu.

Dada yako hakuharibu lengo. Alichofanya ndicho walichofanya Wamarekani wengi, wengi kuliko waliokwenda madukani. Ukitaka kujua sababu, usianze na tabia ya mtu wala ukubwa wa mshahara wake. Uliza ana fedha taslimu kiasi gani siku hela inapoingia, na ana pengo gani linalomsubiri. Hayo mawili yanaeleza maamuzi ya kaya kuliko kitu kingine chochote ninachokijua katika kazi hii.

Tuzihesabu kwanza hizo hela. Malipo ya kwanza, yaliyotokana na sheria ya Machi 2020, yalikuwa dola 1,200 kwa kila mtu mzima na dola 500 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 17. Ya pili, ya mwishoni mwa Desemba 2020, yalikuwa dola 600 kwa kila mmoja, mkubwa kwa mdogo. Ya tatu, ya Machi 2021, yalikuwa dola 1,400 kwa kila mmoja. Mke na mume wenye watoto wawili wadogo, ikiwa kipato chao cha mwaka hakikuzidi dola 150,000, walipata 3,400, kisha 2,400, kisha 5,600. Ni dola 11,400 ndani ya mwaka mmoja. Wengi hawakujaza fomu yoyote: idara ya kodi ilitazama ritani (taarifa za kodi za mwaka) walizokuwa wameshawasilisha, ikakuta namba ya akaunti, ikaingiza hela. Wengine walipata hundi kwa posta. Watu kama milioni 4 walipelekewa kadi ya benki yenye hela ndani, katika bahasha ya kawaida isiyoonyesha kwamba imetoka serikalini, na baadhi yao waliitupa wakidhani ni tangazo la biashara.

Zilikwenda wapi? Tawi la New York la benki kuu ya Marekani lilizihoji kaya baada ya kila awamu. Katika kila dola 100 za awamu ya kwanza, kaya zilisema kama 29 zilitumika, 36 ziliwekwa, na 35 zililipa madeni. Kufika awamu ya tatu, kaya zilipanga kutumia kama 25 tu na kuweka kama 42, zilizobaki zikaenda kwenye madeni. Wala si jambo la korona peke yake. Mwaka 2008, uchumi ulipoyumba, serikali hiyohiyo iligawa kama dola bilioni 100, na wachumi Matthew Shapiro na Joel Slemrod wa Chuo Kikuu cha Michigan wakapeleka swali hilohilo kwa wananchi. Mtu mmoja tu kati ya watano alisema ataitumia sehemu kubwa ya hela yake. Karibu nusu walisema inakwenda kulipa deni.

Kwa hiyo ukisikiliza maneno ya watu, inaonekana serikali ilimwaga maji mchangani. Lakini kuna ushahidi wa pili, na ningependa ukae nao kidogo, maana ndio unaojibu swali lako la kwanza.

Mwaka 2001 serikali ya Marekani iliwarudishia walipakodi dola 300 kwa mtu mmoja au 600 kwa wanandoa. Hundi zote hazikuweza kutoka kwa siku moja, zikatumwa kwa muda wa wiki kumi, na aliyetangulia na aliyefuata waliamuliwa na tarakimu ya pili kutoka mwisho katika namba ya Hifadhi ya Jamii, yaani namba ya utambulisho ambayo karibu kila Mmarekani anayo. Tarakimu ile haihusiani na utajiri wala umaskini wa mtu, ni bahati tu. Kwa wachumi ilikuwa fursa ya pekee: kaya mbili zinazofanana, moja imeshapata hela, nyingine bado inasubiri posta. David Johnson, Jonathan Parker na Nicholas Souleles walilinganisha manunuzi yao, wakakuta kaya zilitumia kati ya asilimia 20 na 40 ya hundi katika miezi mitatu ya kwanza kwa chakula, mavazi, usafiri na vitu vingine vya matumizi ya kila siku. Kwa malipo ya 2008 walipojumlisha vitu vya kudumu, hasa magari, makadirio yakafika kati ya asilimia 50 na 90. Wachumi waliofuata wamerudia hesabu hiyo na kuyashusha makadirio ya 2008, nami naona wana hoja nzito. Hata hivyo, hata baada ya kuyashusha, matumizi halisi hayawi madogo kama watu wanavyoyasimulia wenyewe.

Tofauti hii inatoka wapi? Watu hawasemi uongo. Chukua mama anayelipa dola 800 za kadi ya mkopo siku ya Jumatatu. Kadi sasa ina nafasi ya dola 800. Ijumaa tairi la gari linapasuka, analipia tairi jipya kwa kadi ileile. Wiki inayofuata mtoto anahitaji miwani, kadi tena. Muulize hela ya serikali ilikwenda wapi, atakujibu, na kwa haki kabisa, kwamba alilipa deni. Lakini bila malipo yale tairi lingezibwa kiraka na miwani ingesubiri. Aliyelipa deni hajaitoa hela kwenye uchumi. Ameisogeza mbele, na amejirudishia uwezo wa kukopa siku ya shida.

Hili lilionekana kwa nchi nzima. Mwishoni mwa 2019 Wamarekani walikuwa wanadaiwa dola bilioni 927 kwenye kadi za mkopo. Kufika robo ya kwanza ya 2021 deni hilo lilishuka hadi bilioni 770. Mwaka 2023 likavuka trilioni moja. Nafasi iliyofunguliwa na hela za serikali haikukaa wazi muda mrefu.

Sasa turudi kwenye namna kaya inavyoamua. Milton Friedman aliandika mwaka 1957 kwamba mtu hupanga matumizi yake kwa kuangalia kipato anachokitegemea kwa muda mrefu, si kile kilichoingia leo. Kwa hoja hiyo, hela ya mara moja ingebadilisha maisha ya kila siku kidogo sana, nyingi ingewekwa. Hoja inasimama vizuri kwa mwenye akiba au anayekopesheka kwa urahisi. Asiye na akiba wala mkopo nafuu hapangi kwa miaka, anapanga kufika mwisho wa mwezi. Watafiti waliozifuatilia akaunti za benki mwaka 2020 waliona jambo hili waziwazi: waliokuwa na chini ya dola 500 kwenye akaunti walitumia karibu nusu ya malipo ndani ya siku chache, kwa chakula, kodi ya nyumba na bili, wakati waliokuwa na zaidi ya dola 3,000 hawakubadilisha matumizi yao sana.

Na usidhani walio katika hali hiyo ni maskini peke yao. Greg Kaplan, Gianluca Violante na Justin Weidner walionyesha kwamba kama theluthi moja ya kaya za Marekani zinaishi maisha ya kijungu meko, mshahara ukiingia unatoka, na wengi wao wana nyumba na akiba ya uzeeni. Mali ipo, lakini imefungwa kwenye kuta za nyumba na kwenye mfuko wa pensheni ambao ukiugusa kabla ya wakati unakatwa. Mtu wa namna hiyo ana nyumba ya dola laki mbili na nusu na hana dola mia tano za fundi wa jiko. Hela ya serikali ikiingia, anaitumia kama asiye na kitu. Ndiyo maana nilikwambia usianze na ukubwa wa mshahara.

Sasa chukua awamu zile tatu uone kila moja ilikuta nyumba katika hali gani.

Aprili 2020 ukosefu wa ajira Marekani ulikaribia asilimia 15. Migahawa imefungwa, shule zimefungwa, watoto wako nyumbani wanakula mara tatu badala ya kula shuleni. Hata mwenye hamu ya kutumia hakuwa na mahali pa kutumia. Kwa hiyo hela ya kwanza ilikimbilia vitu viwili: kilichokuwa kinadaiwa kwa nguvu zaidi, yaani kodi ya nyumba, umeme, simu na kadi, na hofu ya mwezi ujao. Kiwango cha akiba cha nchi nzima mwezi ule kilipanda kupita asilimia 30 ya kipato, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana tangu kipimo hicho kianze kuwekwa kila mwezi. Dada yako kuanza na kodi ya nyumba ni uamuzi wa mtu anayejua hatari iko wapi. Baadaye, kuanzia Septemba 2020, kulikuwa na amri ya taifa ya kuzuia wapangaji kufukuzwa, lakini amri ile haikufuta deni la kodi. Iliahirisha tu. Walioelewa hilo mapema walilipa mapema.

Hela ya pili iliingia wakati chanjo zimeanza lakini maambukizi yako juu. Kuiweka benki ulikuwa uamuzi wa mtu asiyejua kama Februari atakuwa na zamu kazini. Mchumi anaita hiyo akiba ya tahadhari, na kwa familia isiyo na ndugu wa karibu wa kukimbilia, tahadhari hiyo ndiyo bima pekee. Wahamiaji wanalijua hili kuliko wenyeji. Huku mtu akikwama anampigia shangazi. Kule shangazi yuko Tanga.

Ya tatu ndiyo iliyoleta ugomvi, na haishangazi. Ilikuwa kubwa kuliko zote, na ilifika wakati shida za haraka zimepungua. Hela inayofika ukiwa umebanwa haina mjadala. Inayofika ukiwa umeanza kupumua ndiyo inayoamsha mipango ya kila mmoja, na mke na mume huwa hawana mpango mmoja.

Niwape haki yao wote wawili. Hesabu ya dada yako ni nyepesi kuifanya. Riba ya kadi za mkopo Marekani wakati ule ilikuwa wastani wa asilimia 15 hivi. Deni la dola 4,000 kwa riba hiyo linakula dola 600 kwa mwaka, dola 50 kila mwezi, kabla hata ya kupunguza deni lenyewe. Akaunti ya akiba ililipa chini ya asilimia 1. Hakuna biashara halali ambayo angeipata kirahisi ya kumlipa asilimia 15 bila hatari yoyote, na kulipa deni lile ni sawa na kuipata. Kwa hesabu tupu, dada yupo sahihi.

Lakini shemeji naye hakuwa anaota starehe. Minnesota si mahali pa kusubiri basi Januari. Mtu anayefanya kazi ya usiku kiwandani, kwenye ghala au kwenye nyumba ya kulea wazee, gari likimfia barabarani anakosa zamu, na akikosa zamu mara kadhaa anakosa kazi. Gari kwake ni chombo cha kazi. Ndiyo maana malipo ya 2008 yalionekana sana kwenye mauzo ya magari: kaya ya kipato cha kati inaweza kumudu malipo ya kila mwezi, inachokosa ni kianzio, na hundi ya serikali inakipa kianzio kwa mpigo. Kosa la mpango wa shemeji, kama lilikuwepo, lilikuwa la wakati. Mwaka 2021 viwanda vya magari vilikosa vipuri vya kielektroniki, magari mapya yakaadimika, na bei za magari yaliyotumika ziliruka: Juni 2021 zilikuwa juu kwa asilimia 45 kuliko mwaka mmoja nyuma. Kama gari lililokuwepo lilikuwa bado linatembea, kusubiri kulikuwa na faida. Kama lilikuwa limekufa, shemeji alikuwa na hoja iliyoishinda hesabu ya riba.

Namna hela inavyofika nayo hubadilisha uamuzi. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilijaribu njia nyingine. Badala ya hundi, ilipunguza makato ya kodi kwenye mshahara, hadi dola 400 kwa mtu kwa mwaka, zikiingia kidogokidogo kila siku ya malipo. Baadhi ya wachumi walitarajia watu wangezitumia zaidi, kwa kuwa hela ndogo huchanganyika na ya kawaida bila mtu kuiwazia. Shapiro na Slemrod, safari hii wakiwa na Claudia Sahm, waliwauliza watu, na asilimia 13 tu wakasema nyongeza ile imewafanya watumie zaidi, wakati hundi za mwaka uliotangulia zilikuwa zimefikisha asilimia 25 kwa kipimo hichohicho. Wengi hawakuiona kabisa. Hela ya mpigo inaonekana, na ikionekana inaitisha kikao.

Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu kuhusu mpigo na kidogokidogo. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa fedha kwa kaya maskini, nyingine zikapewa kwa mkupuo na nyingine kila mwezi. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walipofuatilia, waliopewa kwa mwezi walikuwa na uhakika zaidi wa chakula, na waliopewa kwa mkupuo waliwekeza zaidi kwenye vitu vya kudumu. Fedha zile hazikuwa za serikali, wala Rarieda haifanani na Minnesota, lakini mwelekeo unalingana na ule wa kianzio cha gari.

Kuna jambo jingine linalogusa watu wetu moja kwa moja, na linaniuma mpaka leo. Sheria ya Machi 2020 ilisema kwamba wanandoa wakiwasilisha ritani ya pamoja na mmoja wao hana namba ya Hifadhi ya Jamii, familia nzima inakosa, isipokuwa familia za wanajeshi. Fikiria mke raia, watoto raia, mume bado anasubiri makaratasi: hakuna aliyepata hata senti, watoto wakiwemo. Sheria ya Desemba 2020 ilirekebisha, ikaruhusu mwenye namba na watoto wenye namba walipwe, hata kwa awamu iliyopita. Lakini hela ya awamu ya kwanza iliwafikia wengi wao majira ya kuchipua ya 2021 ikiwa imepanda pamoja na marejesho ya kodi ya kila mwaka. Wakati huo kodi ya nyumba ya Aprili 2020 ilishalipwa kwa mkopo wa rafiki au kwa kadi. Kwao hela ya dharura ilifika dharura ikiwa imeshageuka deni, na ikalipa deni. Mtu anayesoma takwimu atawahesabu miongoni mwa walioamua kutotumia.

Nani anaishika hela ndani ya nyumba? Hapa wachumi walichelewa kuelewa. Kwa muda mrefu walihesabu kaya kama mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 ilihamisha posho ya watoto, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa inapitia kwenye mshahara wa baba kama nafuu ya kodi, ikaanza kulipwa kwa mama. Shelly Lundberg, Robert Pollak na Terence Wales walipopitia matumizi ya kaya za nchi ile, wakaona matumizi ya nguo za wanawake na watoto yalipanda yakilinganishwa na ya nguo za wanaume. Hela haikuongezeka sana, mkono wa kuipokea ndio uliobadilika. Japani mwaka 2020 ilitoa yeni 100,000 kwa kila mkazi, lakini zote za kaya ziliingia kwa mkuu wa kaya aliyeandikishwa, ambaye mara nyingi ni mume. Ilibidi serikali iweke utaratibu maalumu kwa wanawake waliokimbia vipigo ili walipwe peke yao. Marekani akaunti iliyoandikwa kwenye ritani ndiyo iliyopokea. Kama ilikuwa ya shemeji peke yake, au ya wote wawili, ugomvi ule ungeanzia mahali tofauti na kumalizika tofauti.

Na mama yenu je? Katika maswali ya watafiti wa Marekani kuna kutumia, kuweka, kulipa deni, na kisehemu kidogo cha kutoa au kuchangia. Kumtumia mama hela ya dawa kunaangukia kwenye hicho kisehemu, ingawa kwa familia nyingi za kwetu hilo ni fungu la kudumu kama kodi ya nyumba. Aprili 2020 Benki ya Dunia ilitabiri kwamba fedha zinazotumwa na wahamiaji kwenda nchi za kipato cha chini na cha kati zingeanguka kwa karibu asilimia 20 mwaka ule. Kenya, ambayo sehemu kubwa ya fedha zake hizo hutoka Marekani, iliona kinyume: kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, zilipanda kutoka dola bilioni 2.8 mwaka 2019 hadi bilioni 3.1 mwaka 2020, na bilioni 3.7 mwaka 2021. Siwezi kuzipa hela za serikali ya Marekani sifa yote. Wauguzi na wahudumu wa wazee walifanya zamu za ziada, na watu waliacha kubeba fedha mkononi kwa sababu ndege hazikuruka, wakapitia njia zinazohesabiwa. Lakini kwamba sehemu ya malipo yale ilivuka bahari, sina shaka. Kwa mtunga sera wa Washington hiyo ni hela iliyovuja. Kwa dada yako ni wajibu uliotimizwa, na mimi nasimama upande wa dada yako.

Kuhusu lengo la serikali: yalikuwa malengo mawili yaliyofungwa kwenye hundi moja. La kwanza, familia zisianguke. La pili, maduka yauze. Aprili 2020, maduka yakiwa yamefungwa kwa amri, la kwanza ndilo lililokuwa na maana, na lilifanikiwa. Hela zilizowekwa hazikulala milele. Akiba ya ziada ya Wamarekani ilifika kilele cha kama dola trilioni 2.1 katikati ya 2021 kwa hesabu za tawi la San Francisco la benki kuu yao, kisha watu wakaanza kuila. Matumizi yaliyoahirishwa yalikutana na bandari zilizojaa na viwanda vyenye upungufu, kisha vita vya Ukraine vikapandisha mafuta na ngano, na Juni 2022 mfumuko wa bei ukagusa asilimia 9.1. Wachumi wanabishana mpaka sasa ni sehemu gani ya mfumuko ule inatokana na hela hizo. Maoni yangu ni kwamba awamu ya tatu ilitolewa kwa upana mno. Familia isiyo na akiba ilistahili hata zaidi ya ilichopata, na mtu mmoja mwenye kipato cha dola 75,000 ambaye hakupoteza kazi hata siku moja hakuihitaji. Lakini hilo ni kosa la aliyepanga mgao, kaya iliyopokea haina lawama.

Kwa serikali zetu, kama siku moja zikigawa hela ili watu wanunue, zitazame Korea Kusini. Mwaka 2020 familia ya watu wanne ilipewa hadi won milioni 1, zikiwa na sharti: zitumike kabla ya 31 Agosti, katika eneo la mkazi, kwenye maduka madogo na migahawa, si kwenye maduka makubwa. Zikaisha karibu zote kwa wakati. Hata hivyo familia iliyokuwa inunue mchele kwa mshahara iliununua kwa hela ya serikali, mshahara ukabaki benki. Kwa hiyo sharti la kutumia huwasaidia wenye maduka madogo kwa hakika, lakini haliongezi matumizi ya jumla kwa kiasi kinachoonekana kwenye matangazo. Ningependelea hela hizo zielekezwe kwa wasio na akiba, kwa mkupuo kama lengo ni wao kujenga kitu, kila mwezi kama lengo ni chakula, na ziingie kwenye simu au akaunti ya yule anayelea watoto. Mpango wa TASAF Tanzania, wa kugawa ruzuku kwa kaya maskini, umekuwa na wapokeaji wengi wanawake, na hilo lisibadilishwe.

Dada yako na shemeji, nikipewa nafasi ya kuwaambia neno, ningewaomba wafanye jambo moja kabla ya lingine lolote: waandike kwenye karatasi riba ya kila deni walilonalo leo. Tangu 2023 wastani wa riba ya kadi Marekani umevuka asilimia 20. Kama sehemu ya lile deni la 2021 bado ipo, sasa inawala zaidi kuliko walipogombana, na marejesho yao ya kodi yajayo yaanzie hapo, baada ya kutenga kodi ya nyumba ya mwezi mmoja na fungu la mama.